Mashine ya kufyekea ya laki tatu na miwani ya elfu nane

Nianze na nyota kabisa, mwenye haraka achukue aende: mashine nyota tatu na nusu, duka mbili (na hizo mbili ni za yule dada wa kaunta, sio za bosi wake), miwani tano, gambuti nne, glavu za kwanza sifuri, glavu za pili nne. Aliyebaki avute kiti maana hii mashine nimeitumia masika mawili sasa, sio zile za mtu kafungua boksi jana leo anakusifia.

Mi nakaa Nzuguni. Kiwanja chetu kikubwa kidogo alafu pembeni kuna kiwanja cha mtu yuko Dar, hajajenga wala hajawahi kukifyeka, sasa anayekaa Dodoma anajua, hapa zaidi ya nusu mwaka hamna kitu, vumbi na majani makavu tu, unaweza ukaapa hata mbegu zimekufa, alafu mvua ikianza Desemba wiki tatu nyingi uwanja umekuwa pori, majani yako kiunoni, mbigiri zimetambaa mpaka mlangoni, na watoto wanapita humohumo kwenda kufata mpira. Zamani nilikuwa naita vijana na fyekeo, elfu ishirini kwa mara moja, wanakuja na kandambili, mmoja ana fyekeo mwingine ana panga, wanamaliza saa sita wamechanika miguu. Mwaka juzi mmoja akajikata ugoko hapa kwangu, damu mpaka kwenye kibaraza, nikamkimbiza na bajaji kushonwa, sindano ya pepopunda nikalipa mimi, na kazi akaja kuimalizia mwenzie. Kuanzia siku ile nikawa namuangalia mtu anafyeka na kandambili roho inanidunda.

Ndo nikasema nanunua mashine. Elfu ishirini mara nne kwa masika moja, ongeza na kile kiwanja cha jirani wa Dar ambacho nalazimika kukifyeka mimi maana nyoka haangalii hati ni ya nani, nikaona miaka miwili hivi hela imerudi. Mume wangu kazi yake iko mkoa mwingine anarudi mwisho wa mwezi, akasema nisubiri nije tununue wote. Sikusubiri.

Nikaenda mjini kwenye maduka ya zana, duka silitaji. Kaka muuzaji ananiangalia anasema, "Mama hii mashine ya wanaume hii, si umlete tu shemeji?" Nikamwambia shemeji yako hata jenereta tunamuwashiaga, we washa hapa nione. Akaivuta mara sita ndo ikawaka, moshi duka zima, akacheka akasema ni mpya bado inajisikia. Bei alianza laki tatu na hamsini, tukamalizana laki tatu na kumi. Ni ya Kichina, injini ya cc 52, ya petroli ya kuchanganya na oili, jina limebandikwa kwa stika ambayo sasa hivi ishabanduka kwahiyo hata ningetaka kulitaja nisingeweza. Ndani ya boksi kuna bladi ya chuma ya meno matatu, kichwa cha kamba ya nailoni, mkanda wa begani, kinga ya plastiki ya kufunga juu ya bladi, kichupa cha kuchanganyia, spana mbili na miwani. Hiyo miwani ya bure ni laini kama chupa ya maji ya nusu lita, niliikunja kwa vidole viwili ikakunjika. Kumbukeni hilo tutarudi.

Nikamuuliza naichanganyaje, akasema mama mimina oili kidogo kidogo mpaka petroli ibadilike rangi. Jamani. Kijitabu kimeandikwa 25 kwa 1, maana yake lita moja ya petroli unaweka mililita 40 za oili ya tustroki, na kile kichupa cha kwenye boksi kina mistari kabisa ya kupimia, ni kazi ya dakika moja. Ukipunguza oili injini inakwama, ukizidisha moshi unakula wewe uliyeinama nayo. (Kuna mashine za bei kubwa zinatumia 50 kwa 1, yaani mililita 20, kwahiyo soma ya kwako, usinifate mimi.)

Nafika nyumbani nafungua nifunge ile kinga, bolti moja haimo. Napiga simu dukani najibiwa, "Hiyo kinga wengi wanaitoaga tu mama, inakwamisha majani." Na kweli ukipita mtaani utaona, mashine nane kati ya kumi ziko uchi, bladi inazunguka wazi mbele ya miguu ya mtu. Mi nikapanda daladala nikarudi mjini kwa ajili ya bolti moja. Bosi anasema nisubiri mzigo mpya, yule dada wa kaunta akainuka kimyakimya akafungua mashine nyingine ya maonyesho akanitolea bolti akanipa. Mungu ambariki, nyota zote mbili ni zake. Ila fikiria, yule atakayeuziwa ile ya maonyesho.

Sasa kwanini nilisumbukia kinga hivyo. Kijitabu kinasema mzunguko 7,000 kwa dakika, bladi ina upana wa milimita 255, nikakaa na kijana wangu wa kidato cha tatu tukapiga hesabu ya mduara, ncha ya bladi inakimbia kama mita 93 kwa sekunde. Ukibadilisha ni zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Treni yetu ya SGR ikikazana inakwenda 160, kwahiyo hiki kitu unachokitembeza mita moja na nusu kutoka kwenye vidole vya miguu kinakwenda mara mbili ya treni. Tulivomaliza ile hesabu tukanyamaza wote wawili alafu akasema mama mi siigusi.

Na hapa ndo naanza lawama zangu kwa mashine, japo si kosa lake sana. Hizi mashine naona zimetengenezwa na watu wenye udongo laini na majani ya kijani. Dodoma ardhi yetu ni changarawe na mawe, na ukiongeza ujenzi wa miaka hii tangu serikali ihamie, hakuna kiwanja hakina mabaki: kokoto, vipande vya tofali, misumari, na adui namba moja, binding waya. Ile waya ya kufungia nondo. Mafundi wanaikata wanatupa chini, mvua inaifukia, majani yanaota juu, we huioni. Siku yangu ya kwanza nimefyeka kama robo saa nasikia tu "tii!" alafu kichwa cha mashine kinapiga kelele ingine, nazima, naangalia, waya imejizungushia kwenye kichwa cha nailoni kama uzi kwenye cherehani na kipande chake kimekatika kimekwenda kuchoma mlango wa bati wa choo cha nje. Kimechoma, kimesimama pale. Nilikwenda kukichomoa kwa koleo.

Kuanzia hapo sheria nikaandika mwenyewe, kabla mashine haijawaka mtu anatembea uwanja mzima na reki na ndoo. Tunatoka na ndoo mbili tatu za takataka kila mwanzo wa msimu na bado hatumalizi. Na watu wakae mbali, kwenye mpini wa mashine kuna stika ya kimtu na mishale imeandikwa mita 15, wengi hatuiangalii, mi nilidhani wanatia chumvi mpaka kokoto ilipovuka mita kama kumi na mbili hivi ikaweka ufa kwenye kioo cha jikoni. Kioo changu mwenyewe nashukuru, ingekuwa gari la mtu hapa ningekuwa naandika kitu kingine. Watoto wanafungiwa ndani, kuku wanajua wenyewe.

Miwani. Hii ndo niliyotaka kuiandikia kwa kweli, mashine ni kisingizio.

Ile ya bure nilimpa mwanangu mdogo achezee. Nikaenda duka la vifaa vya usalama, wale wanaouza ovaroli na helmeti za mafundi, nikasema nataka miwani ya kufyekea, wakanitolea kwanza ya kuchomelea, nyeusi, nitaona nini. Alafu wakatoa ya wazi iliyozunguka jicho lote na mpira pembeni, elfu nane. Jinsi ya kuijua nilielekezwa na shemeji yangu anayefanya kazi migodini, angalia pembeni ya kioo na kwenye fremu, imechorwa EN166 na herufi. F ni ya chini, imepimwa kwa kupigwa kigololi cha chuma cha milimita 6 kwa spidi ya mita 45 kwa sekunde, B imepimwa kwa mita 120. Sasa we rudi kwenye hesabu yetu ya mita 93 uniambie utachukua ipi. Nikachukua B. Kama haijachorwa kitu chochote ni urembo, kavae harusini.

Wiki ya pili tu, nafyeka pembeni ya ukuta, bladi ikagonga kitu sikukiona, nikasikia kama mtu kanipiga kibao cha jicho la kulia. Nikazima nikakaa chini. Miwani ina kidoti na mikwaruzo kama nyota katikati kabisa ya jicho, kajiwe kenyewe kamedondokea kwenye ukosi wa ovaroli, kadogo kuliko punje ya hindi. Ile miwani sikuitupa, imening'inizwa kwenye msumari stoo, kila kijana anayekuja kuishika mashine namuonesha kwanza. Nikanunua nyingine elfu nane kwa furaha kabisa.

Ubaya wake mmoja, jasho. Ukungu unajaa ndani kila dakika kumi, hasa Desemba ile kabla mvua haijatulia, joto na unyevu pamoja. Natumia sabuni ya maji tone moja, napaka ndani naifuta na kitambaa kikavu bila kuosha, inasaidia nusu saa hivi. Na naanza saa moja asubuhi saa tatu na nusu nimeweka chini, saa tano kwa jua la Dodoma usiniambie habari ya ovaroli. Saa kumi na mbili ingekuwa nzuri zaidi ila majirani nao wana haki ya kulala.

Sasa kuna ile ngao ya wavu, inayofunika uso mzima kama ya wafuga nyuki, inauzwa elfu ishirini na tano, watu wanaisifia sana kwa sababu haina ukungu. Ni nzuri kwa mawe makubwa na majani, ila isikae peke yake, vaa na miwani ndani. Nitawaambia nilivyojua na sitaki mtu ajue kwa njia yetu.

Upande wa nyuma uzio wangu ni minyaa. Wenyeji wa huku mnaijua, nusu ya maboma ya Ugogo yamezungushiwa minyaa, mbuzi hawaili, haihitaji maji, ukipanda kijiti kinaota. Mwenzangu uliyehamia juzi kutoka Dar na unaiona ni ua zuri la kijani, sikiliza. Ukikata inatoa maziwa meupe, na yale maziwa yakiingia jichoni ni moto. Sasa ilikuwa imenenepa imeingia njiani, kijana anayenisaidia bustani akasema dada kwa panga nitachukua siku nzima, niipitishe mashine. Nikasema haya. Kavaa ile ngao ya wavu, nilikuwa nimeazima kwa mtu nijaribu. Jirani yetu ni babu mmoja Mgogo, yuko pale toka Nzuguni haijawa mjini, akaniita kutokea uani kwake. Shikamoo babu. "Marahaba mjukuu wangu. Mwambie huyo mtoto azime. Minyaa haipigwi na mashine." Mi nikadhani anaongea mambo ya mila, nikamwambia sawa babu anamalizia kidogo tu.

Dakika tano haikufika. Mashine inakata kwa kuchapa, kwahiyo maziwa hayadondoki, yanakuwa mvua, na wavu una matundu. Kijana alitupa mashine chini akawa anazunguka anajishika uso. Na kosa la pili akayasugua na glavu ambayo nayo imelowa maziwa. Nikamvuta mpaka kwenye bomba, bahati siku hiyo maji yalikuwepo, nikamuweka chini ya bomba macho wazi namshikia kope kwa vidole dakika ishirini na zaidi, huku majirani kila mtu ana dawa yake, mmoja kaleta maziwa ya ng'ombe, mmoja anasema kamtafuteni mama anyonyeshaye, mi nikasema maji tu, maji tu, alafu bajaji, hospitali. Usiku ule alikuwa haoni kitu, kavimba, analia. Daktari alisema kuosha mapema ndo kumesaidia, akapewa dawa za macho, siku ya nne hivi akaanza kuona vizuri. Gharama nililipa mimi, na kabla ya pesa nililipa kwa kutolala.

Babu hakunisema. Alikuja jioni akauliza tu mtoto anaendeleaje, alafu akanielekeza, minyaa unakata kwa panga au msumeno wa mkono, asubuhi, umesimama upande upepo unakotokea, tawi linaangukia mbali na wewe, na umefunika macho yote. Nguo ulizovaa unazifua peke yake. Ndo ninavyofanya sasa. Miwani ile ya mpira pembeni iliyoziba, mikono mirefu, kitambaa mdomoni, na ndoo ya maji safi imekaa hapo hapo kabla hujakata tawi la kwanza, maana bomba la Dodoma na wewe hamjapangiana miadi.

Haya glavu. Za kwanza nilinunua zile za uzi zenye vidoti vya mpira, elfu mbili. Kwa kubeba tofali sawa, kwa bustani ya Dodoma ni soksi tu, mwiba wa mgunga unapita kama hamna kitu, maziwa ya minyaa yanalowa yanakaa hapo, na mbigiri zinaganda kwenye uzi unazichomoa moja moja kama unachambua mchele. Sifuri. Za pili ni za ngozi ndefu za mafundi wa kuchomelea, elfu saba, zinafika karibu na kiwiko. Hizo ndo zenyewe kwa kung'oa miiba na kubeba matawi. Nyota moja imeondoka kwa sababu ni nzito, kwenye mashine huisikii vizuri ile triga ya mafuta, kwahiyo kwenye mashine navaa za ngozi nyembamba. Kwa minyaa peke yake navaa za mpira zile za kufulia ndani, za ngozi juu.

Gambuti nilinunua za kawaida elfu kumi na tano kwanza. Zinazuia majani, zinazuia upupu usikuwashe miguu, ila soli ni laini, msumari wa ubao wa fundi ulipita nikausikia kwenye soksi. Nikaongeza nikachukua zenye chuma kwenye vidole na bati kwenye soli, zimeandikwa S5, elfu arobaini na tano kwa bei ya kubembeleza. Ndo niliyoipa nyota nne. Nzito, joto, ukitoka unanuka, ila natembea juu ya miiba kama niko sebuleni. Wazee wetu wanategemea katambuga za matairi na kweli soli ile mwiba haupiti, ila juu mguu uko wazi na bladi haiji kwa chini. Na kabla ya kuvaa zinapinduliwa zinagongwa chini. Kila siku. Nge wa hapa wanapenda sana kulala mule, nishawamwaga wawili.

Nyoka, najua mtaniuliza. Tumekuta kifutu mara moja na swila mara moja kwa masika mawili. Kifutu ndo mbaya wa majanini kwa sababu hakimbii, anajilaza anategemea hutamuona, kwahiyo gambuti na kutembea taratibu unatangulia kuchapa majani na fimbo ndefu. Swila anatema na anatema machoni, hapo tena ule wavu ni bure na miwani inakulinda, na akikupata ni maji mengi alafu hospitali. Mikono haiingii chini ya rundo la tofali au mabanzi, unapindua kwa jembe. Mtu akiumwa mnamtuliza, mguu usitembee, mnampeleka hospitali, mambo ya kuchanja kwa wembe na kufunga kamba kwa nguvu acheni, na lile jiwe jeusi la nyoka linalouzwa sokoni halitoi sumu mwilini, linawapotezea muda tu mgonjwa bado yuko nyumbani. Nyuki wakiwa kwenye ukuta au mti karibu usiwashe mashine kabisa, mtetemo unawachokoza, pigia Zimamoto 114.

Masikio: vizibo vya kama hedifoni, elfu kumi na nane. Mashine imeandikwa desibeli 112 ubavuni, wakati mtu anayekaa kwenye kelele kazini masaa nane kikomo chake 85. Mara ya kwanza nilifyeka bila, usiku nasikia nzi kichwani mpaka asubuhi. Imetosha.

Mashine yenyewe sasa. Nguvu inayo, majani ya kiunoni inalaza, vichaka vya miiba vya ukubwa wa kidole gumba inakata. Inakula kama lita moja kwa saa na kidogo. Uzito wake karibu kilo nane ukiwa na mafuta na mkanda uliokuja nao ni mwembamba unakata bega, niliupeleka kwa fundi viatu akaniwekea sponji na ngozi elfu tano, mwingine tena. Buckle ya plastiki ya ule mkanda ilipasuka mwezi wa tatu, na hii sio kero ndogo maana mkanda ndo unaoishika mashine isije miguuni kwako ikiruka. Na inaruka: ukigusa kisiki kwa upande wa mbele kulia wa bladi inarushwa kulia kama mbuzi amekupiga kichwa. Kata kwa upande wa kushoto wa bladi, unafagia kulia kwenda kushoto, visiki waachie shoka. Karibu na ukuta na mawe natoa bladi naweka nailoni. Mtetemo ni mwingi, tenki moja likiisha vidole vimekufa ganzi, hapo napumzika nusu saa na sio uvivu, na wakati huohuo injini inapoa ndo naongeza mafuta. Kijana mmoja wa mtaa wa pili alijaza mashine ikiwa bado ya moto, akamwagia kwenye ekzosi, nyusi zake zimeota juzijuzi.

Kitu kingine cha kijinga kilichonipotezea siku, nati ya bladi inafunguka kinyume, kulia ndo kufungua. Nilimpa fundi pikipiki akaizungusha kushoto na nguvu zake zote akaivunja, elfu kumi na mbili kuagiza nyingine. Ingiza ile pini ya kuzuia kwenye tundu, zungusha kulia, inatoka kama mfuniko wa soda. Na hata kabla ya hapo chomoa kofia ya plagi, usiushike ule upande wa bladi ikiwa plagi imo.

Mafuta yaliyochanganywa nilikuwa naweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, lita moja na nusu, nimeiweka juu ya ndoo. Mwanangu wa mwisho nilimkuta kashaifungua kifuniko, rangi yenyewe kama juisi ya embe iliyochujwa. Sitaki kusema zaidi. Sasa kuna dumu la lita tano jekundu, limeandikwa kwa maka nyeusi PETROLI, liko juu ya kabati la stoo na stoo ina kufuli.

Kama unapiga hesabu, mashine laki tatu na kumi, vya kujikinga vyote (na vile nilivyokosea kununua) vimekuja karibu laki moja. Muuzaji hatakwambia hiyo laki. Kama unayo laki tatu na kumi kamili mfukoni, endelea kuita vijana ila wanunulie miwani na gambuti kwa hiyo hela, utabaki na chenji ya masika matatu.

Jana jioni jirani wa upande wa pili, baba mmoja mstaarabu kahamia mwaka huu, kaja kuazima mashine, eti kesho Jumamosi anataka kusafisha kiwanja. Nikampa mashine, nikampa na mfuko una miwani, glavu na vizibo. Gambuti zangu ni namba 39, akaziangalia, akaangalia miguu yake, akasema basi dada nitavaa tu malapa. Mashine ikarudi stoo. Akipata viatu anajua mlango uko wapi.